Sura ya Bibi Mkunga: Jinsi Mchoro wa Pasteli Unavyosahihishwa kwa Macho ya Wengi



Wengi wenu mliofika kwenye ufunguzi wa wodi ya wazazi katika zahanati ya parokia mlituuliza swali moja: ile picha iliyotundikwa karibu na mlango ilipigwa wapi? Jibu ni kwamba haikupigwa kwa kamera. Ilichorwa kwa mkono, kwa chaki za pasteli, na kijana mmoja wa kikundi chetu cha wachoraji saba, kinachokutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha katekesi hapa Moshi. Kwa kuwa karatasi, chaki na kioo vilinunuliwa kwa michango yenu, tunaona mna haki ya kujua kazi hiyo ilivyofanyika, pamoja na mahali tulipokosea.

Kazi tuliyopewa

Kamati ya parokia ilituomba tuchore sura ya mama aliyekuwa mkunga wa kwanza wa zahanati hiyo. Watu wa kijijini walimwita Bibi Mkunga tu, na wapo watu wazima wengi wenye wajukuu ambao walipokelewa duniani kwa mikono yake. Alifariki mwaka 2009. Watoto wanaozaliwa siku hizi hawakumwona, na kumbukumbu ya sura yake ilikuwa imebaki katika vichwa vya wazee na katika picha tatu za kamera. Kama tungekosea, wajukuu wangekua wakiamini kwamba yule wa ukutani ndiye yeye. Hilo ndilo lililotutia hofu tangu mwanzo.

Pasteli ni nini?

Pasteli ni kijiti cha rangi kinachotengenezwa kwa unga wa rangi halisi uliochanganywa na chokaa laini na gundi kidogo sana, kisha kikakaushwa. Haihitaji mafuta, maji wala brashi. Unga wake hung'ang'ania vinyweleo vya karatasi, ndiyo maana hutumika karatasi yenye ukwaru, mfano wa msasa laini sana. Karatasi ikijaa unga haipokei tena rangi nyingine, kwa hiyo mchoraji hana nafasi ya kupaka na kupaka tena bila mwisho.

Ufundi huu ulipata sifa kubwa Ulaya katika karne ya 18. Mama mmoja wa Venice, Rosalba Carriera (1673–1757), alifika Paris mwaka 1720, na michoro yake ya sura za watu ikawafanya wengi waitamani pasteli. Baada yake Mfaransa Maurice Quentin de La Tour (1704–1788) alifanya kazi ambazo hadi leo hutazamwa kama mfano. Kabla ya kuchora picha kubwa, La Tour alikuwa akichora kwanza uso peke yake kwenye karatasi ndogo ili aufahamu. Sisi tuliliiga jambo hilo, na halikututosha.

Pasteli hufaa kwa sura kwa sababu unga wake hupokea mwanga kwa upole kama ngozi ya mtu. Tena hufutika. Tutaona mbele jinsi sifa hii ya pili ilivyotuokoa.

Picha tatu, mashahidi watatu

Picha ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi cha mwaka 1978. Anatazama mbele moja kwa moja, mdomo umefungwa, mabega yamenyooka. Ya pili ni ya arusi ya mwaka 1994. Amesimama katika kundi la watu kumi na wawili chini ya mti, akitabasamu, na rangi za picha zimefifia na kuelekea wekundu, kama zilivyo picha nyingi za karatasi za miaka ile. Ya tatu ilipigwa mwaka 2008 kwa kamera ndogo ya dijitali, ndani ya nyumba, usiku, siku ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake.

Mtu asiyechora hudhani kwamba picha ya kamera haiwezi kusema uongo. Ukweli ni kwamba kila picha ina upungufu wake. Picha ya mwaka 2008 ilipigwa kwa karibu mno, na kamera ikiwa karibu na uso hukuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Flashi yake nayo ilipiga kutoka mbele, ikafuta vivuli vyote vinavyoonyesha umbo la mashavu, ikaacha weupe usio wa kweli kwenye paji la uso. Katika picha ya mwaka 1994 macho yake yamezama ndani ya giza la kivuli cha mti.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zake kwa kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Filamu ziliandaliwa kwa kufikiria ngozi nyeupe, hivyo nyuso za watu weusi mara nyingi zilitoka zikiwa giza tupu bila undani. Anayenakili picha ya namna hiyo hunakili kosa la filamu, kisha akadhani ndiyo rangi ya ngozi ya bibi yake.

Kwa hiyo tulikubaliana kuzitumia picha hizo kama mashahidi watatu barazani. Picha ya mwaka 1994 iwe shahidi mkuu kwa sababu ina mwanga wa jua kutoka upande mmoja. Ile ya mwaka 1978 itupe vipimo vya uso, na ile ya mwaka 2008 itueleze uzee wake: mikunjo ya pembeni mwa macho na jinsi alivyofunga kilemba. Kanuni muhimu hapa ni kutochanganya mianga. Ukichukua jicho lenye mwanga wa kushoto na pua yenye mwanga wa mbele, sura itaonekana kama imeunganishwa kwa viraka hata kama kila kiungo kimechorwa vizuri.

Hatua za mwanzo

Mwenzetu alichagua karatasi ya rangi ya udongo. Aligawa picha na karatasi katika miraba yenye idadi sawa, akahamisha mistari mikuu ya uso kwa mkaa wa kuchorea. Alipima mambo ambayo kila mchoraji wa sura hupima: macho ya mtu mzima huwa karibu katikati ya urefu wa kichwa, wala si juu kama watoto wanavyochora; na kati ya jicho na jicho huwa na nafasi inayokaribia upana wa jicho moja. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, maana hakuna mtu anayelingana navyo kabisa. Pale anapotofautiana navyo ndipo sura yake ilipo.

Baada ya hapo aliweka giza na mwanga kabla ya kuhangaikia rangi. Unafinya macho mpaka uone uso kama mabaka manne au matano tu ya giza na nuru, unayaweka hayo, kisha unaendelea. Kwa pasteli huanza vijiti vigumu na rangi nzito, na vijiti laini vyenye mwanga huja mwishoni.

Kwa ngozi yake hakutumia nyeusi. Alitumia kahawia iliyoiva, nyekundu ya udongo na zambarau nzito upande wa kivuli, rangi ya dhahabu iliyofifia kwenye shavu lenye jua, na buluu kidogo juu ya paji la uso, kwa sababu ngozi nyeusi huakisi anga. Anayetumia nyeusi na kahawia peke yake hupata uso uliokufa.

Jumamosi ya kukosoana

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mchoraji aliyekaa na kazi moja kwa wiki tatu huyazoea makosa yake mpaka yakawa sehemu ya sura. Kwa sababu hiyo kila kazi yetu hupita mbele ya wenzetu kabla haijatoka. Mwanzoni tulikuwa tukiumizana. Mmoja aliwahi kuambiwa kwamba mchoro wake unafanana na chungu, akakaa miezi miwili bila kurudi. Tangu hapo tuliweka taratibu nne.

Ya kwanza, aliyechora hasemi lolote mpaka wote wamalize, maana akianza kujitetea watu hunyamaza kwa heshima na kosa hubaki. Ya pili, kila mmoja huanza na kitu kimoja kilichofanikiwa, ili kisije kikafutwa kwa bahati mbaya. Ya tatu, tunazungumzia karatasi na kumwacha mtu. Ya nne, anayetaja kosa lazima aoneshe mahali kwa kidole na kueleza la kufanya. Kusema "haipendezi" hakuruhusiwi. Kusema "kivuli chini ya pua ni kizito kuliko kilivyo kwenye picha, kipunguze" kunaruhusiwa.

Tuliutundika mchoro pamoja na picha zote tatu, tukautazama kwa mbali, kisha tukaugeuza kichwa chini miguu juu ili jicho liache kuona mtu na lione maumbo tu. Tukauangalia ndani ya kioo cha kujitazamia, ambacho hufichua mara moja uso uliopinda. Mwishoni tukaupiga picha kwa simu na kuiondoa rangi ili tulinganishe giza na nuru.

Yalitoka haya. Weupe wa macho ulikuwa mweupe mno, na ukweli ni kwamba sehemu hiyo huwa ndani ya kivuli cha kope. Meno yalichorwa moja moja kama punje za mahindi, wakati ilitosha kuweka baka moja la mwanga. Midomo ilizungushiwa mstari. Kingo zote za uso zilikuwa kali kwa kiwango kimoja, kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Mwenzetu aliyarekebisha yote kwa Jumamosi mbili, na sisi sote saba tukaridhika. Tukawaita wenye mtu wao.

"Huyu si mama"

Binti yake, ambaye naye sasa ni bibi, alisimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, mmefanya kazi nzuri. Lakini huyu si mama."

Tulimwuliza ni wapi palipokosewa. Hakuweza kusema. Tulipima upya macho, pua na kidevu mbele yake, na kila kipimo kililingana na picha ya kitambulisho. Ndipo mzee mmoja wa kikundi chetu, ambaye maisha yake yote amechora mabango ya maduka, akaacha kuuliza habari za sura. Akamwuliza, "Mama, ukiingia jikoni ukamkuta, alikuwa anafanyaje?"

Yule mama akageuza uso wake kidogo upande wa kushoto, akainamisha kichwa, akatutazama kwa pembeni. Akasema, "Hivi." Halafu akakumbuka sababu. Bibi Mkunga hakusikia kwa sikio la kushoto tangu ujana wake. Kila mtu aliyeongea naye alielekezewa sikio la kulia, na wagonjwa wake walidhani ni jinsi yake ya kusikiliza kwa makini. Hata wanawe walijifunza kusimama upande wake wa kulia bila kuambiwa.

Tulirudi kwenye picha ya arusi. Kichwa kilikuwa kimeinama vilevile. Mwenzetu alikuwa ameliona jambo hilo siku ya kwanza, akadhani ni ajali ya wakati wa kupiga, akalinyoosha kwa kufuata picha ya kitambulisho, ambamo mpiga picha alikuwa amemwamuru atazame mbele. Sisi wengine sita tulikuwa tumemsifu kwa kunyoosha. Picha ya kitambulisho haikuwa na uongo wowote, ila ilimwonesha jinsi alivyokaa kwa dakika moja mbele ya mgeni.

Hapo tulimkumbuka Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, jirani yetu kabisa, aliyesoma Makerere, akachora picha za maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a huko Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Fundisho lake linalojulikana ni kwamba msanii asinakili, kwani kunakili humlaza Mungu usingizi. Tulikuwa tumelisikia mara nyingi tukidhani linahusu kuiga michoro ya watu wengine. Siku hiyo lilituhusu sisi na kamera.

Kufuta na kuanza tena

Kichwa hakiwezi kuinamishwa kwa kurekebisha sehemu moja. Mstari wa macho, pua na mdomo hugeuka pamoja. Shavu la mbali hupungua, sikio la karibu hujitokeza, na shingo hupata kivuli kipya. Kwa maneno mengine, wiki tano za kazi zilipaswa kuondoka. Kijana wetu alikunja vifaa vyake akaenda nyumbani, nasi hatukumfuata. Jumamosi iliyofuata alikuja kabla ya wote.

Alilaza kibao kwa mteremko, akaondoa unga kwa brashi kavu ngumu, kisha akagandamiza kifutio laini kinachofinyangika ili kinyonye mabaki bila kuharibu ukwaru wa karatasi. Hakusugua, kwa sababu kusugua huzamisha rangi. Kivuli hafifu cha sura ya kwanza kilibaki, akakitumia kama msingi. Safari hii binti alikaa naye kwa saa moja akiwa amegeuza uso kama mama yake, ili aone jinsi ngozi ya shingo inavyokunjika. Sura ya binti si ya mama, lakini mkunjo ni ule ule.

Maoni yapi yafuatwe?

Mchoro ulipoonekana tena, maoni yaliongezeka. Mjukuu mmoja aliomba mikunjo ya macho iondolewe. Mjumbe mmoja wa kamati aliomba ngozi iwe nyeupe kidogo "ili apendeze". Wote walisema kwa upendo, nasi hatukuweza kuwatii wote.

Tumejifunza kutenganisha maoni kwa kuuliza: je, yanamrudisha mtu huyu, au yanamwondoa? Binti aliposema kwamba huyu si mama, hakuwa na ufundi wa kueleza, lakini alikuwa na ujuzi ambao sisi saba hatukuwa nao. Wachoraji wenzetu waliweza kueleza kwa nini jambo fulani halikai sawa, ingawa hawakumjua. Kila upande ulihitaji mwingine. Ombi la kumpausha ngozi halikutoka kwa upande wowote kati ya hizo mbili, maana halikumhusu yeye. Binti alilijibu mwenyewe: "Mama alikuwa mweusi, na alipendeza." Mikunjo nayo ilibaki. Uamuzi wa mwisho wa mkono huachiwa anayechora, kwani mchoro unaopigiwa kura hupoteza sura.

Kumaliza na kutunza

Kazi ya mwisho ilikuwa nukta mbili ndogo za mwanga ndani ya mboni za macho, zilizowekwa mara moja bila kurudiwa. Hatukupulizia dawa nyingi ya kukazia rangi, kwa sababu hutia giza na kuua ung'avu wa pasteli. Tuliweka kioo, na kati ya kioo na karatasi tukapitisha kadibodi nene pembeni ili unga usigusane na kioo. Mchoro umetundikwa ukuta usiopigwa na jua wala kupitisha unyevu, kwani ukungu hupenda karatasi.

Kwa vijana wanaotaka kuanza, tunawasihi wasipulize unga kwa mdomo. Baadhi ya rangi zina madini yenye sumu kama kadimiamu. Gonga kibao unga uanguke chini, vaa barakoa, futa meza kwa kitambaa chenye maji, na nawa mikono kabla ya kula.

Siku ya ufunguzi binti alifika mapema kabla ya wageni. Hakusimama katikati mbele ya mchoro kama watu wengine. Alisogea upande wa kushoto wa anayetazama, ambako ndiko liliko sikio la kulia la mama yake, akasimama hapo akamsalimu.

Ombi letu kwa kamati za parokia

Wapo wazee wengi katika jumuiya zetu ambao sura zao zimebaki katika picha moja ya kitambulisho. Tunaziomba kamati zifanye mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. Kusanyeni picha za zamani na kuandika nyuma yake, kwa penseli laini, jina na mwaka, wakati mwenye kukumbuka bado yupo. Wapigeni picha wazee wenu karibu na dirisha au mlango, bila flashi, kamera ikiwa mbali kiasi cha hatua tatu, wakiwa katika shughuli zao. Na waulizeni watu wa nyumbani mambo ambayo kamera haiyaoni: alisimamaje, aliegemea wapi, alisikilizaje.

 Kijana wetu ameanza mchoro mwingine, wa katekista wa zamani. Safari hii alianza kwa kwenda nyumbani kwake kuketi na familia yake, kabla hajagusa chaki.